Mama Godoro na Nyumba Niliyoichora

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii. Bibi Muuguzi Mkuu. Bwana Fundi na wasaidizi wako wa karakana ya miguu. Waheshimiwa wageni mlioacha shughuli zenu. Ndugu zangu wagonjwa, mlioingia humu kwa magongo, kwa viti vya magurudumu na kwa miguu ya kutengenezwa. Na wewe mama mwenye siku hii, uliyekatazwa leo kusimama na kupanga viti: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake, na kama yupo niliyemsahau anisamehe, maana nina miaka sabini na minne.

Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita. Kwa hesabu yangu, ambayo sijawahi kuiacha, imetimia miaka arobaini na tatu na miezi minne tangu nitoke kwetu. Nilitoka kwa miguu yangu miwili, na kwa muda mrefu nilimwambia kila aliyeniuliza, na wengine ambao hawakuniuliza, kwamba nitarudi kama nilivyotoka. Hotuba yangu ya leo ni juu ya mama huyu tunayemuaga, lakini siwezi kumweleza yeye bila kuieleza safari hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyeikuta imelala katikati ya njia.

Kwanza niseme kwa nini nimesimama mimi. Wiki iliyopita wagonjwa tulikutana kuchagua msemaji, na wengi walimtaka Dereva, yule ndugu yangu wa safu ya tatu ambaye ameanza kucheka kabla sijasema kitu. Huyu aliendesha malori miaka ishirini, na sasa anaendesha magongo kwa mwendo uleule. Dereva akakataa. Akasema, "Mpeni Mzee wa Vitabu. Mimi nikianguka, puu, nimemaliza. Huyu akianguka anaanguka kwa aya tatu." Nikapitishwa bila kupingwa. Jina la Mzee wa Vitabu nililipata kwa sababu nilifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, nikisahihisha maandishi kabla hayajapigwa chapa. Kwa miaka ishirini na minane nililipwa kuona kosa ambalo mwandishi na mhariri wamelitazama wasilione. Naomba mlishike hilo, kwa sababu baada ya muda mfupi litaniaibisha.

Ndugu wageni, jina la mtaalamu huyu wa mazoezi ya viungo, lile lililoandikwa kwenye barua yake ya kustaafu, mtalisoma kwenye cheti atakachopewa. Sisi hatulitumii. Sisi tunamwita Mama Godoro, na nitawaeleza lilivyoanza.

Miaka mitano iliyopita kidonda cha kidole, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikutana na kisukari changu, wakaelewana, na kati yao wakanichukulia mguu wa kulia chini ya goti. Nilipopona mshono nililetwa kwenye chumba chake, kile cha mwisho kwenye korido hii, baada ya chumba cha kufulia shuka. Nilitegemea kuona mguu. Niliona vyuma viwili vya kushikilia, kioo kirefu, na katikati ya sakafu godoro la buluu lililokuwa limebonyea kama kitanda cha hoteli ya bei ya chini.

"Karibu baba," akasema. "Leo tunaanguka."

Nikadhani masikio nayo yameanza. "Tunafanya nini, mwanangu?"

"Tunaanguka. Kutembea utajifunza, wala usiwe na haraka. Lakini kuanguka utaanguka tu, ujifunze usijifunze. Sasa si bora ujifunze?"

"Mimi nina miaka sitini na tisa."

"Basi umechelewa kuanza. Njoo."

Nani kati yetu hakupita pale? Nani hakusimama pembeni mwa godoro lile, mzima, mwenye wajukuu, akaambiwa na mwanamke anayefika begani mwake ajitupe chini mbele ya watu? Alitufundisha kwamba gongo likikuponyoka ulitupe pembeni, usilikumbatie, kwa sababu ukiliangukia litakuvunja mbavu. Alitufundisha tusinyooshe mikono kama askari anayesimamisha magari, maana kifundo cha mkono hakiwezi kubeba mtu mzima anayekuja kwa kasi. Tukunje viwiko, tushushe kidevu kifuani, tugeuke, tuangukie tako na ubavu, na kigutu kibaki juu. Mheshimiwa Mganga Mkuu, uniwie radhi kwa neno tako, lakini ndilo lililotumika darasani, tena kwa sauti.

Na ukishafika chini, usikurupuke. Hilo alilisema mara nyingi kuliko yote. "Tulia. Sakafu haiendi popote. Vuta pumzi. Jipapase. Kitazame kigutu. Kuna damu? Kuna panapouma kuliko pengine? Ukiona sawa, ndipo uanze kufikiria kuinuka." Watu wengi, alisema, hawaumii kwa kuanguka, wanaumia kwa aibu ya kukutwa wameanguka, wakainuka ovyo, wakaanguka tena.

Kwa sababu ya aibu hiyo akaanzisha darasa la Alhamisi, saa nne asubuhi. Wageni mnaokuja kwa mara ya kwanza mtadhani nawatania. Kila Alhamisi tunakaa duara, na yeyote aliyeanguka wiki hiyo anasimulia mbele ya wenzake, naye akimaliza tunampigia makofi. Mama Godoro anamuuliza maswali matatu, hayaongezi wala hayapunguzi. Ulikuwa unawahi nini? Mkononi ulikuwa umeshika nini? Na hicho kilichokuangusha, kilikuwa hapo tangu lini?

Wa kwanza kumsikia mimi alikuwa Dereva huyuhuyu. Alikuwa amekaa sebuleni anasikiliza mpira kwenye redio, timu yake ikafunga, akaruka juu kushangilia kwa miguu miwili.

"Ulikuwa unawahi nini?"

"Goli, mama."

"Ulikuwa umeshika nini?"

"Kikombe cha chai. Sasa kimebaki mkono wa kikombe."

"Na kilichokuangusha kilikuwa hapo tangu lini?"

Dereva akafikiri. "Mama, kilichoniangusha ndicho kisichokuwepo."

Tulicheka hadi mmoja wetu akaomba maji. Na goli lenyewe, Dereva akaongeza kwa uchungu, lilikataliwa.

Lakini mnaona kazi aliyokuwa akiifanya pale? Mtu aliyekuja amejificha ndani ya blanketi lake la kiti cha magurudumu, akisikia mwanamume mwenye mabega kama kabati anasimulia jinsi alivyomwagikiwa chai, wiki inayofuata naye ananyoosha mkono. Mimi nilinyoosha wangu wiki ya tatu. Nilikuwa nimelala mchana, mlango ukabishwa, na kwa adabu niliyolelewa nayo nikanyanyuka haraka nimpokee mgeni. Unyayo wa kulia ulikuwa unaniwasha. Nyinyi wenzangu mnaujua muwasho ule, wa unyayo ambao ulishazikwa. Nikauamini, nikaukanyagia, nikaenda chini. Niliangukia pale nilipofundishwa, sikuumia, na mgeni alikuwa mtu aliyekosea mlango. Siku ile nilipewa makofi na agizo: nisinyanyuke kitandani kabla ya kukaa, nishushe pumzi, niyaguse magoti yote mawili kwa mkono, nione kwa macho mguu upi upo na upi haupo. "Yasalimie," alisema. "Yajue umeamka na nani."

Sasa nafika kwenye aibu yangu.

Mwezi wa nne Fundi alinipa mguu. Fundi, sijasahau: ulinipima, ukanichonga, ukanilaumu kwa kunenepa, ukanipa mguu ambao mbele ya kioo kile ulikuwa mzuri kuliko niliokatwa. Mle moyoni nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nataka kujifunza kutembea vizuri, bila gongo, bila kuchechemea, ili nipande basi nirudi kwetu, nishuke, niingie kwenye nyumba ya mama yangu kwa hatua zangu mwenyewe. Kila zoezi nililolifanya pale nililifanya kwa ajili ya siku hiyo. Nilikuwa mwanafunzi hodari kupita wote, na sababu ilikuwa hiyo.

Mama Godoro ana desturi. Kabla hajamruhusu mtu kwenda na mguu nyumbani, anampa karatasi na kalamu ya risasi na kumwambia, "Nichoree unapoishi." Halafu anapita na kalamu nyekundu: hapa kuna zulia linalojikunja, litoe, hapa pana waya, uzungushe ukutani, taa iko mbali na kitanda, isogeze, mlango huu unafungukia wapi? Nilikaa kwenye meza yake nikachora karibu saa nzima. Nilichora kwa rula. Niliandika vipimo.

Akaja na nyekundu yake. "Ngazi hizi tatu za mbele ni za mawe?"

"Za mawe. Ya katikati imelika upande wa kushoto."

"Kizingiti?"

"Kirefu. Shubiri nzima."

"Na choo kiko nje?"

"Nje, hatua kumi na nane, kuna mteremko kidogo."

Alikuwa anapiga alama moja baada ya nyingine, uso umemkunjika, anasema hii nyumba ni mtego, baba, nyumba hii itakuua. Wakati huo binti yangu alikuwa ameingia kunichukua. Yule pale, mwalimu wa hesabu, aliyezaliwa katika mji huu na hajawahi kuishi pengine. Akainama juu ya karatasi.

"Baba, hapa ni wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Sisi tunakaa ghorofa ya kwanza. Choo kiko ndani."

Dereva, kutoka kwenye vyuma vya kushikilia, akasema, "Ala! Kumbe mzee ana mke wa pili!"

Waheshimiwa, nilikuwa nimechora nyumba niliyoiacha miaka thelathini na minane kabla ya siku ile. Sikukusudia. Niliambiwa nichore ninapoishi, na mkono ukaenda wenyewe. Mama Godoro hakucheka. Aliitazama karatasi kwa muda, akaiweka kando kwa mikono miwili, akanipa nyingine tupu. "Umeichora vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunichorea nyumba," akasema. "Lakini humu huanguki, baba. Nichoree ile utakayoangukia."

Sikuweza. Mtu aliyeona nukta iliyokosekana katika ukurasa wa mia tatu hakuweza kusema mlango wa bafu lake unafungukia ndani au nje. Ngazi za kufika kwangu ni ngapi? Nilizipanda miaka ishirini na mmoja, mikononi nimebeba mkate na magazeti, na sikujua. Nilichora mstatili, nikaandika ndani yake "chumba", nikakwama hapo.

Ilibidi binti yangu achore. Na alipochora, kila kitu kilionekana. Korido yangu ina upana wa mtu mmoja na nusu. Upande mmoja kulikuwa na maboksi manane ya vitabu, hayajafunguliwa tangu tuhamie. Mbele ya maboksi lilikuwepo sanduku la bati, limefungwa kwa kamba, lina suti, shuka, viatu na karatasi zangu, tayari kwa safari. Waya wa taa ulivuka sakafu kwa sababu sikutaka kuweka soketi kwenye nyumba ya kupanga. Pazia lilining'inia kwa kamba. Ukutani hapakuwa na msumari hata mmoja. Marehemu mke wangu, kila mwaka, alikuwa akiniambia, "Tupange hivi vitabu, jamani, tuishi kama watu." Nami kila mwaka nilimjibu neno moja: "Mwakani." Yaani mwakani hatutakuwepo hapa, kwa nini tujisumbue? Alifariki akiwa amelizunguka sanduku lile miaka kumi na mitatu bila kujikwaa, kwa sababu yeye alikuwa na miguu miwili na subira ya kutosha watu wawili.

Mama Godoro akaweka alama mbili tu nyekundu. Juu ya sanduku: toa. Kwenye ukuta wa korido: chuma cha kushikilia. "Haya mawili, ndani ya wiki hii," akasema. Nikaitika. Nikaenda nyumbani na mguu wangu mpya, na sikufanya lolote. Kulitoa sanduku nilikuona kama kutangaza kwamba sirudi tena kwetu. Kutoboa ukuta nikaona ni kusaini kwamba hapa ndipo kwangu.

Jumapili ya pili, birika likapiga mluzi jikoni. Nikatoka chumbani haraka, kitabu mkononi, kidole ndani ya kitabu nisipoteze ukurasa, na ncha ya mguu wa Fundi ikaingia chini ya kamba ya sanduku. Ndugu zangu, yote niliyofundishwa yalinitoka. Sikutupa kitabu. Sikukunja kiwiko. Niliangukia goti la mguu uliokatwa, na ngozi ya kigutu ikapasuka ndani ya mguu wa bandia. Nikakaa sakafuni, birika linapiga kelele, natazama kile kidonda, na wazo langu la kwanza, naona haya kulisema, lilikuwa: asijue. Akijua atanivua mguu, na mguu ukivuliwa, safari imekwisha.

Alhamisi akauliza, "Nani kaanguka?" Nikatazama dari. Alhamisi iliyofuata nikatazama dari tena. Ya tatu hakuuliza kitu kuhusu kuanguka. Alisimama mbele yangu akasema kama anayeuliza habari za hali ya hewa, "Baba, leo umevaa soksi ngapi?"

Wageni, niwaeleze. Kigutu hupungua kadiri siku zinavyokwenda, nasi tunaongeza soksi ili mguu ukae imara. "Mbili," nikajibu.

"Mwezi uliopita ulivaa nne. Kigutu chako kimenenepa?"

Nikaishusha suruali ifunike mguu.

"Vua."

Nilivua. Harufu ilitangulia. Mheshimiwa Mganga Mkuu, wewe mwenyewe uliitwa siku ile, na wewe mwenyewe ulitamka maneno ambayo bado nayasikia: kikifika mfupani, tutapanda kukata juu ya goti. Wenye ujuzi humu wanajua maana yake. Kutembea bila goti ni kazi maradufu ya kutembea nalo. Na mtu wa umri wangu akipoteza goti, wengi huishia kwenye kiti.

Nilikaa bila mguu wiki saba. Kila asubuhi nilifungwa dawa hapa, na kila asubuhi Mama Godoro alipita, akatazama, akaondoka bila kunilaumu. Wiki ya nane kidonda kilifunga. Alhamisi hiyo akanigeukia kwenye duara. "Mzee wa Vitabu ana deni la kusimulia."

Nikasimulia. Ulikuwa unawahi nini? Birika. Ulikuwa umeshika nini? Kitabu. Na hicho kilichokuangusha, kilikuwa hapo tangu lini?

"Tangu miaka ishirini na mmoja," nikasema.

Hata Dereva hakucheka.

"Kinangoja nini?"

"Safari."

"Safari ni lini?"

Nilifungua kinywa niseme mwakani. Nilikuwa nimelisema neno hilo kwa mke wangu, kwa binti yangu, kwa mwenye nyumba, kwa mwajiri wangu. Mbele ya watu kumi na wanne wenye miguu kumi na mitano halikutoka. Wakapiga makofi hata hivyo, kwa sababu ndiyo sheria.

Jumamosi yake walikuja kwangu, yeye na Fundi na drili, binti yangu akiwaonyesha njia. Mama Godoro alipanda zile ngazi akizihesabu kwa sauti ili nisikie. Ni kumi na moja. Akakaa juu ya sanduku lile kama mtu anayengoja treni, akanipa kalamu ya risasi.

"Fundi hatatoboa pasipo alama," akasema, "na alama hatuweki sisi. Simama, ninginiza mkono, na panapofika kifundo cha mkono wako, chora."

Nilikuwa nimesimama na ukuta ule miaka yote hiyo na sikuwahi kuugusa. Nikachora msalaba wa kwanza. Umepinda. Fundi akasema, "Mzee, umesahihisha vitabu vya watu, msalaba wa mistari miwili unakushinda?" Nikachora wa pili, wa tatu, wa nne, na drili ikaanza kulia.

Mwenye nyumba, anayekaa chini, akatoka kwenye ngazi. "Nani anatoboa ukuta wangu?"

"Baba!" binti yangu akajibu.

"Baba yako? Yule mzee?" Tukasikia ndara zake zikipanda. "Miaka yote namwambia apige hata msumari mmoja atundike picha ya mkewe, hataki, utadhani nyumba itamng'ata! Toboeni! Toboeni hadi kwa jirani!"

Sanduku tulilifungua. Suti ilikuwa imeliwa na nondo mabegani. Viatu vilikuwa vizima, navyo nilikuwa nimepanga kuvivaa siku ya kushuka basi. Fundi akavigeuza, akapima kisigino kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Mguu wangu, alisema, umepangwa kwa kiatu cha kisigino kifupi. Ningevaa hivi, kila hatua ingenisukuma mbele, na ningeingia kwetu kwa pua. Akaviweka kwenye mfuko akaenda navyo. Vitabu vilipanda kwenye rafu. Picha ya mke wangu ilipata msumari wake.

Kisha Mama Godoro akanilaza chini katika korido yangu mwenyewe, akaniambia niinuke bila mkono wa mtu. Geuka ubavu. Piga magoti. Tambaa hadi kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Mguu mzima mbele, unyayo wote chini. Sukuma. Mara ya kwanza nilishindwa, na ya pili, na ya tano. Ya saba nilijikuta nimesimama, chuma mkononi, binti yangu anajifuta macho kwa upindo wa kitenge chake na kunigombeza kwa kuchelewa.

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu wa kike, anayeishi bado katika nyumba ya mama. Naye sasa ana miaka sitini na tisa, magoti mabovu. Nilikuwa na ile karatasi yangu ya kwanza, yenye alama nyekundu, nikaona ujuzi huu usinifae mimi peke yangu.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "zile ngazi tatu za mbele ziwekeeni chuma upande wa kulia. Ya katikati imelika."

"Ngazi zipi, kaka?"

"Za mlango wa mbele. Za mawe."

Halafu akaanza kucheka, kicheko chake cha utotoni, cha kukata pumzi. "Kaka yangu! Zile tulizibomoa mwaka aliofariki mama, tukajaza kifusi. Mlango wa mbele uko upande wa barabara siku hizi. Na choo kiko ndani, nacho kina chuma. Mwanangu aliweka." Akaacha kucheka. "Ulikuwa unazishuka zile ngazi mpaka leo?"

"Kila siku," nikasema.

"Pole kaka. Ungeniuliza."

Waheshimiwa, nimesimulia habari za nyumba yangu kwa kirefu kwa sababu ndiyo ninayoijua sasa. Lakini kila mgonjwa aliyekaa humu ana kitu katika korido yake, na mama huyu amezipita korido zetu kwa miaka thelathini na mmoja akiuliza kipo hapo tangu lini. Na kwa kuwa ni swali zuri, niruhusuni nilipeleke mbele kidogo, kwa heshima zote. Choo cha wagonjwa cha jengo hili kiliandikiwa barua ya kuomba chuma cha kushikilia. Barua tatu, nilizisahihisha mimi mwenyewe, hazikuwa na kosa hata moja. Wenzetu wawili walianguka mle. Chuma kimewekwa Jumanne wiki hii, wageni walipotangazwa. Mheshimiwa Mganga Mkuu, tunakushukuru kwa dhati, tumekijaribu, kimekaa imara, na tunaomba wageni waje mara kwa mara.

Tunasikia pia kwamba chumba cha godoro kinafikiriwa kuwa stoo. Mtaalamu mpya, huyu dada aliyekaa pembeni ya Mama Godoro na daftari, amekubali kuendesha darasa la Alhamisi, nasi tumemwahidi kuanguka kwa bidii. Tunaomba abaki na chumba, na tunaomba godoro jipya, maana lile la buluu tunaliangukia na kuisikia sakafu.

Mama Godoro, mwanangu. Wewe hukutudanganya kwamba hatutaanguka. Ulituheshimu vya kutosha kutuambia ukweli huo siku ya kwanza, ukalala chini nasi kutuonyesha. Nimesoma vitabu vingi vya watu wenye hekima, na sikumbuki aliyenifundisha kitu kigumu kama hicho huku amevaa ndara. Pumzika. Usipange viti. Na Alhamisi ukipita karibu, ingia. Utakuta nimekaa mahali pangu, kwa sababu nimeombwa niwe nawapokea wagonjwa wa siku ya kwanza, nami nimekubali, na kwenye fomu ya hospitali, penye mstari wa makazi ambao miaka yote nilikuwa nauandika "ya muda", nimeandika mtaa na namba ya mlango.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kuvumilia aya zangu zote. Watu bado huniuliza ni lini nitarudi kwetu. Sitarudi.